Mtaa wa Warumi Ghorofa ya Kumi na Nne

Kitu cha kwanza nilichokuwa nawaonyesha watu kwenye magofu ya Warumi ni choo. Sikuanza na hekalu, wala na sanamu ya mfalme asiye na pua. Choo. Pale Ostia, mji wa kale wa bandari jirani na Roma, kuna choo cha umma chenye viti vya mawe vilivyopangwa kuzunguka kuta, tundu kwa tundu, bila hata pazia kati ya mtu na jirani yake. Walikuwa wanakaa humo wamebanana, wanaulizana bei ya ngano na habari za nyumbani. Basi nawaambia kina mama wa kwaya niliotoka nao Toronto, "Haya, jamani, kaeni." Wanacheka, wanasukumana, kuna mmoja lazima akatae katakata kwa kuwa amevaa gauni la kanisani. Wakishakaa na kucheka, hao ni wangu mpaka jioni.

Nayasema haya kwenu ninyi vijana wa hapa mjini mlioniomba niwaandikie kuhusu kazi ya kuongoza watu. Wengine mnataka kushika magofu kama mimi, wengine mmeshaanza kwenye makumbusho. Mimi nimestaafu, magoti yameomba likizo ndefu, lakini mdomo bado uko kazini. Jina langu Sesilia, wengi wananiita Mama Sesi, mtu wa Tabora, mkazi wa Malvern, hapa Toronto, tangu wanangu wakiwa shule ya msingi. Nilifanya kazi kwenye kampuni ndogo ya safari iliyokuwa ikipeleka vikundi vya makanisa Italia. Niliipenda kazi hiyo jamani, niliipenda mpaka mume wangu alikuwa akiniuliza kama kuna Mrumi niliyemficha kule.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja Mwitaliano, mkazi wa Toronto miaka nenda rudi, Bwana Renzo. Safari yangu ya kwanza nilikuwa nimekariri wafalme wote wa Roma kwa mpangilio, nani alimrithi nani, nani aliuawa na nani. Nikasimama juani nikawamwaga wote. Watu wakaanza kutafuta kivuli mmoja mmoja. Bwana Renzo akanivuta pembeni, uso umemwiva. "Sesilia, watu wametoka mbali, wana njaa, na wewe unawalisha wafalme. Waambie watu wa hapa walikula nini." Nilinuna mpaka chakula cha mchana. Baada ya hapo nikawapeleka kwenye mgahawa wa Warumi, ambao kaunta yake ya mawe bado imesimama na ukutani kuna picha ya vyakula vilivyokuwa vikiuzwa. Nikasema tu, "Hapa ndipo mtu aliyetoka kazini alipokuwa anasimama kula, kwa sababu kwake hakukuwa na jiko." Mama mmoja wa mtaa wa Rexdale, ambaye kazi yake ilikuwa kufunga mizigo ghalani, akasema, "Kama mimi na ile kahawa yangu ya alfajiri." Hapo ndipo nilipoelewa kazi yangu ni ipi.

Sasa yale ya mikono na miguu, msiyadharau. Ukisimama kuongea, wewe ndiye ulitazame jua, siyo wageni. Kabla ya kuondoka popote uliza nani anataka kwenda haja, na usikubali jibu la kwanza. Tembea kwa mwendo wa mtu wa nyuma kabisa. Na usitembee kinyumenyume kwenye barabara ya Warumi hata ukilipwa. Yale mawe yamechimbwa na magurudumu ya mikokoteni yao, mifereji inaonekana wazi, na mimi niliingiza kisigino humo nikiwa naeleza kwa mikono miwili jinsi ya kukwepa mifereji hiyo, nikaanguka chali. Kundi lile lilikuwa la watu wa mji jirani wa Markham, watu wa kompyuta, simu zao zinapiga picha safi kweli. Mgongo wangu ulikuwa haujapona, video ilikuwa imeshazunguka Markham nzima. Kuna mtu hadi leo tukikutana kwenye harusi ananiuliza kama barabara ya huku ukumbini ni salama.

Siku hizi mna visikilizi vya masikioni, mna vioo vya kugusa vinavyoonyesha nyumba ilivyokuwa na paa lake na rangi zake. Vitumieni, ni vizuri, mimi mwenyewe nilivililia nilipoviona mara ya kwanza. Ila mkumbuke kumtazama mgeni usoni. Kioo hakitakwambia kwamba amechoka au anakumbuka kitu.

Watu wetu nao wana namna yao ya kuingia mahali, na mtu asipoijua ataishia kuwakasirikia bure. Niliwahi kuwapeleka kina mama wa Kikongo na Kirundi kwenye nyumba moja ya Ostia yenye sakafu ya vijiwe vyeusi na vyeupe, samaki na farasi wa baharini wamechorwa vizuri ajabu. Mimi natangulia, naongea, nageuka, wote wamesimama nje. Wa kwanza akaita, "Hodi." Kimya, maana mwenye nyumba ana karibu miaka elfu mbili kaburini. Akaita tena. Ikabidi mimi nijibu, "Karibuni." Ndipo wakavua viatu, wote, wakavipanga mlangoni, wakaingia pekupeku kama waingiavyo sebuleni kwa mtu. Nilifurahi mno, na mimi nikavua vyangu. Tukatazama samaki, tukaongea, tukatokea upande wa pili wa nyumba, tukaingia mtaa mwingine, na mawe ya mchana wa Julai yakatukumbusha tulichosahau. Mlinzi mmoja alitufuata na toroli limejaa viatu, anacheka mpaka anashindwa kusukuma. Tangu siku ile nikajua kwamba watu wangu hawaendi kuangalia magofu. Wanaenda kutembelea watu.

Wapo pia ambao hawawezi kusafiri. Mwingine karatasi zake bado, mwingine presha, mwingine ana wajukuu watatu wa kuwatazama. Kwa hao nilianzisha mtaa wa chaki. Nyuma ya kanisa moja la Rexdale kuna uwanja wa kuegesha magari, na Jumamosi unakuwa mtupu. Nachukua kamba na chaki zile nene za watoto, nachora Ostia chini: barabara, tanuri la mikate, mgahawa, choo bila shaka, na jengo la kupanga. Maana Warumi wa kawaida walikaa kwenye majengo ya ghorofa, wamepanga vyumba, kama tulivyo sisi. Tofauti ni kwamba tajiri alikaa chini na maskini alikaa juu kabisa, ambako maji hayafiki, ngazi hazina mwisho, na moto ukiwaka chini wewe ndiye wa mwisho kujua. Nikifika hapo watu wa Rexdale wanapiga kelele. Kila mmoja ana hadithi ya lifti mbovu.

Siku moja, mtaa wa chaki ulipokwisha, akanifuata binti mmoja, Esperansi. Anafanya kazi ghalani karibu na uwanja wa ndege, anaishi na mama yake kwenye moja ya yale majengo ya barabara ya Kipling. Alikuwa amecheka kwenye choo kama wenzake, lakini sasa macho yalikuwa mekundu.

"Mama Sesi, mama yangu hajashuka chini tangu msimu wa baridi wa mwaka juzi."

Nikamuuliza anaumwa nini. Akanieleza. Mama yake, Mama Nabintu, mtu wa Bukavu, aliteleza kwenye barafu pale kituo cha basi akavunjika nyonga. Mfupa ulishaunga. Mtaalamu wa viungo alishasema hauna tatizo lolote, atembee tu. Lakini anatoka kitandani kwenda kwenye kiti, na kwenye kiti kwenda jikoni, basi. Kila mtu alishambembeleza, mchungaji, nesi, majirani. Miguu ilikuwa inazidi kukonda. Esperansi akiwa kazini hakuna wa kubaki naye, na akiacha kazi hakuna wa kulipa nyumba. Kitanda kilikuwa kimepatikana kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mbali, upande mwingine wa mji, ambako hakuna hata mtu mmoja anayejua Kiswahili wala Kishi, lugha ya kwao. Alitakiwa kutoa jibu wiki inayofuata.

"Akienda kule ataacha kuongea," Esperansi akasema. "Halafu ataacha kula. Namjua mama yangu."

Mimi nina hasira za karibu na huruma za karibu, vyote viko chumba kimoja. Nikasema kesho yake naenda kumwona.

Nilimkuta kwenye kiti chake dirishani, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri, mwanamke wa heshima zake, macho makali. Sikumwambia habari ya miguu. Nikamweleza habari ya Mrumi maskini wa ghorofa ya juu, jinsi alivyopika kwa makaa ndani ya chumba cha mbao, na jinsi baadhi yao walivyomwaga vyungu vya usiku dirishani kwa uvivu wa kushuka. Alinikatiza hapo hapo.

"Na mutu anayepita chini?"

"Alikuwa na shida yake, mama."

Akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akataka kujua nani alipandisha maji, wanawake walifulia wapi, watoto walichezea wapi, kama mwenye nyumba alikuja mwenyewe kudai kodi au alituma mtu. Maswali ya maana kuliko ya watalii wangu wote. Nilishuka na lifti nikiongea peke yangu. Nilikuwa nimeshapata wazo: kama hashuki kwenye mtaa wangu, mtaa wangu utapanda.

Msimamizi wa jengo alikataa chaki, akakubali tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, kwa masharti kwamba mlango wa kutokea wakati wa moto usizibwe. Jumamosi asubuhi mimi na Esperansi tukapiga magoti kwenye korido ya ghorofa ya kumi na nne tukabandika Ostia kwenye zulia. Katikati barabara, na mistari miwili ya mifereji ya magurudumu. Milango ya majirani ikawa maduka. Mama mmoja Msomali akakubali mlango wake uwe tanuri la mikate na akatoa mikate ya kweli. Mzee mmoja wa Guyana tukampa duka la dobi, na nilipomweleza kwamba dobi wa Kirumi alifulia nguo kwa mkojo, akauliza kama anaweza kubadilishiwa kazi. Na mlango wa mwisho, wa Mama Nabintu, ukawa mgahawa. Alikubali kuwa mwenye mgahawa kwa sharti moja, kwamba atakaa kwenye kiti chake mlangoni na hatainuka.

Nikakubali huku nikijua nitamvunjia sharti lake. Karibu na lifti niliweka ndoo, ndiyo bomba la maji la mtaa. Mpango wangu ulikuwa kwamba wageni wakifika kwake nitamwambia maji yamekwisha, achukue kikombe aende bombani. Hatua chache tu. Nilijiona mjanja sana.

Kina mama wa kwaya wakaja na mabinti zao, wale wa kujibu Kiingereza ukiwauliza Kiswahili. Korido ikajaa. Jamani, nimeongoza watu Ostia yenyewe, chini ya jua la Italia, sijawahi kupata kundi kama lile. Mabinti wanaruka mifereji ya tepu. Wanabisha hodi kwa dobi. Mama Msomali anapigania bei ya mikate kwa lugha yake na kila mtu anamwelewa. Na kwenye mgahawa Mama Nabintu alikuwa ameshakaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa la kwao, harufu imefika hadi kwenye lifti. Anawagawia wageni kwa mkono wake, anawauliza wametoka meli gani, maana nilimwambia Ostia ni bandari. Binti mmoja akasema ametoka Misri na ngano. Mama Nabintu akamwambia ameikosa sahani kwa kuchelewa, halafu akampa mbili.

Hapo nikatoa ujanja wangu. "Mwenye mgahawa, maji yamekwisha. Chukua kikombe, bomba liko pale."

"Mimi ninauza chakula. Maji wananiletea."

"Leo hakuna wa kuleta."

"Basi leo hakuna maji."

Nikabembeleza. Akatikisa kichwa. Wageni wakaanza kushangilia, "Mama, mama, mama," na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu uso wake ulifunga. Akaangalia pembeni. Nami, mwongozaji wa miaka yote hiyo, ninayewafundisha ninyi kumtazama mgeni usoni, nikapandisha sauti mbele za watu: "Mama Nabintu, inuka basi, unamwua mwanao."

Esperansi aliziba mdomo kwa mkono. Mzee wa Guyana hakuelewa neno lakini alielewa. Nilitamani zulia linimeze. Nilichoweza kufanya ni kumwomba radhi, mikono miwili, kisha nikawaambia watu matembezi yamekwisha, tumshukuru mwenyeji wetu, twende. Kina mama wakamuaga mmoja mmoja, asante kwa chakula, asante mama, Mungu akubariki. Akaitikia kila mmoja. Tukaanza kuelekea kwenye lifti, kichwa changu chini.

Tulikuwa tumeshaupita mlango wa mikate niliposikia sauti nyuma.

"Munaenda namna gani?"

Nikageuka. "Tunaenda nyumbani, mama. Tumeshaaga."

"Nimesikia. Na nani anawasindikiza?"

Alikuwa na haki. Wageni wamekula kwako, wamekuaga, wanaondoka wenyewe kama watu waliofukuzwa. Nilimwona akiangalia mwanawe, akiangalia korido, akituangalia. Kisha akashika fremu ya mlango kwa mkono mmoja na mkono wa kiti kwa mwingine, akainuka. Ilimchukua muda. Esperansi alitaka kukimbia kumshika, nikamkamata kitambaa cha gauni lake kwa nyuma nikamng'ang'ania.

Akaja. Yuko kwenye ndala za ndani na kitenge chake, mkono unatambaa ukutani, mlango kwa mlango, anapita mgahawa, anapita dobi, anapita mikate. Alipotufikia hakusema lolote kuhusu miguu. Alisema, "Twende, musichelewe basi." Na vijana, mimi hapo sikuongoza tena. Niliwahi kumwambia kila mwanafunzi wangu kwamba mwongozaji anatangulia. Siku ile nilijibana nyuma kabisa ya kundi nikafunga mdomo, na mwenye mgahawa akatangulia na wageni wake.

Lifti ilipofunguka nilidhani ataishia hapo. Akaingia. Chini nilidhani ataishia kwenye mlango wa kioo. Akausukuma. Nje ilikuwa Mei, miti imeanza majani, upepo kidogo. Alisimama akavuta pumzi, akatuuliza kituo kiko wapi siku hizi, kana kwamba kimehama. Tukaenda polepole mno, kina mama wote wanajifanya huo ndio mwendo wao wa kawaida, wanaongea habari za sambaza. Kwenye nguzo ya kituo akasimama. Akaitazama lami, mahali penyewe. "Ilikuwa hapa," alisema, kwa sauti ya mtu anayeonyesha duka lililofungwa. Kisha akapanga kitenge chake vizuri akageukia barabara kutazama kama basi linakuja.

Basi la Kipling likaja. Nikamnong'oneza Esperansi abaki amrudishe mama yake. Mama Nabintu ana masikio ya popo.

"Abaki kwa nini? Shifti yake ni saa nane. Panda, Esperansi."

"Mama, siwezi kukuacha hapa."

"Nani anaachwa? Ninyi ndio munaenda." Akatusukuma kwa kiganja mmoja baada ya mwingine, pamoja nami, mpaka wote tukawa ndani. "Nendeni. Njia ya kwetu ninaijua."

Milango ikafungwa. Esperansi alikimbilia dirisha la nyuma, nami nikamfuata nikikanyaga watu. Mama yake hakugeuka mpaka basi lilipoondoka, kama inavyotakiwa. Kisha tukamwona akianza kurudi, ndala zake, kitenge chake, hatua, anapumzika, hatua. Nilitaka kupiga kelele za furaha, na nadhani nilipiga, maana dereva alinitazama kwenye kioo.

"Umesikia?" Esperansi akaniuliza. "Amesema kwetu. Tangu tufike Canada, kwetu ni Bukavu tu. Pale juu anapaita kwa Esperansi."

Alijifuta uso, akatoa simu, akapiga kule kwenye nyumba ya wazee. Ilikuwa Jumamosi, hakuna aliyepokea. Akaacha ujumbe kwamba kile kitanda wampe mtu mwingine.